Jina Chini ya Foleni ya Oraba

Niligeuza ubao wa mchezo niupige picha upande wa chini… nikasoma jina la marehemu mama yangu!

FILDA.

FIL upande huu wa bawaba, DA upande ule. Herufi nilizichonga mwenyewe kwa patasi. Ile A ya mwisho imepinda, maana siku ile nilikuwa nalia.

Ndugu zangu, niliutupa ule ubao kama nimeshika mavi.

Mnaonifuata hapa mnajua kazi yangu. Mimi Sandra wa Ediofe, ndiye ninayeipanga michezo ya Swadiki wa Koboko, wa kwanza mpaka wa mwisho, na nyinyi mnanunua mnavyosoma. Yule bwana anatunga michezo ya akili mpaka unasahau chungu jikoni! Mwezi wa pili niliweka Tumbaku namba moja, Ukoo namba mbili. Foleni ya Oraba, ule wa malori yanayogombania kuvuka mpaka, nikautupa namba tatu.

Sababu niliandika, bado ipo kwenye ukurasa: "Mchezo mtamu, mbao ya ovyo. Swadiki akipata mvule ya zamani, huu ni namba moja bila ubishi!"

Wiki mbili baadaye, msalaba wa mama ukang'olewa kaburini kule Aroi. Ulikuwa wa mvule, baba aliutoa kwenye mlango wa nyumba ya babu, nami nikalichonga jina.

Baba mdogo Alionzi alipiga kelele kuliko wote.

"Ni ile mkimbizi! Iko anaokota kuni kila siku!"

Alimsema Stella Kiden, mama wa Sudan Kusini aliyekuwa analima kipande kando ya boma letu. Na mimi, jamani, nikaamini! Nilimfuata mpaka jikoni kwake. Nikapekua majivu yake kwa mkono.

"Mama Kiden, umepikia maharage msalaba wa mama yangu?"

Akarekebisha kitambaa chake cha njano kichwani, akaniangalia.

"Dada, mimi pia iko na makaburi."

Basi. Alionzi akamnyang'anya kile kipande, mihogo ikiwa bado ardhini.

Sasa turudi kwenye ule ubao: niko kwenye karakana ya Swadiki, Koboko. Ameniita nione Foleni mpya. Ubao mrefu, mwembamba, kama barabara yenyewe…

"Swadiki, hii mbao umetoa wapi?"

"Si nzuri, eh? Mvule kabisa!"

"Nimekuuliza umetoa wapi!"

"Mzee moja ya Aroi alileta na boda. Alionzi."

Nikamsogelea.

"Ulijua ni msalaba?"

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka!

"Mutu ndiyo alikufa, Sandra. Mbao haikufa. Wateja wanapenda mbao iko na historia. Si wewe uliandika mvule ya zamani?"

Nilitoka nje nikatapika kwenye maranda. Sijui kama nilimtapikia yeye au nilijitapikia mwenyewe.

Nikampigia Alionzi.

"Baba mdogo, uliuza msalaba wa mama?"

Akafoka:

"Usilete aibu kwa ukoo sababu ya kuni."

Kuni! Mama Kiden alinyang'anywa shamba kwa sababu ya kuni hizo hizo!

Nilibeba ule ubao kwapani. Swadiki hakuthubutu kunizuia. Nikaenda moja kwa moja Aroi, kwa Kiden, nimpigie magoti.

Mlango umefungwa kwa kamba. Ameshahama.

Nikajikokota mpaka kaburini.

Palikuwa na msalaba.

Vijiti viwili vya kuni, vimenyooshwa kwa panga, vimefungwa pamoja kwa kitambaa cha njano.

Nilikaa chini pale pale. Mwanamke niliyempekua majivu, kabla hajaondoka alimsimamishia mama yangu msalaba! Na sisi wenye mama tulikuwa tunanunua na kuuza.

Orodha yangu nimeifuta yote. Msiniulize namba moja ni nani, nasikia kinyaa. Ukisifia kitu, uliza kwanza kimetoka wapi. Na mkitafuta mwizi, mtazameni vizuri yule anayepiga kelele kuliko wote.

Mama Kiden, kama kuna mtu anakusomea hii… mihogo yako nimeizungushia miiba. Alionzi nimemwambia mbele ya ukoo wote, akiigusa atanikuta mimi. Rudi uvune.