Kibao cha Dari Kilipoanguka

Kila siku masomo yalipoisha mchana, Kidoti hakwenda nyumbani. Alivuka barabara, akamwamkia mlinzi, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi ambako mama yake alikuwa fundi wa nyaya za kompyuta. Alikaa chini ya dirisha na kufanya hesabu zake mpaka mama amalize kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa juu ya vichwa vya watu. Dari lilikuwa la vibao vyeupe, vyepesi, vilivyokalia fremu za chuma. Mama alipanda ngazi ya kukunja, akainua kibao, akaingiza kichwa na mabega kwenye giza lenye vumbi, akavuta nyaya na kuzifunga kwenye vishikizo vilivyopigiliwa juu kwenye zege.

"Waya usilalie kibao," alizoea kusema. "Nyaya zikiwa nyingi zina uzito wa gunia."

Fundi mwenzake aliitwa Chapuchapu, na jina lilimkaa. Alijua kuiga sauti ya msimamizi wao mpaka Kidoti akashika mbavu kwa kucheka. Siku moja, mama aliposhuka kuchukua vifaa, Kidoti alimwona Chapuchapu akitupa fungu zima la nyaya juu ya vibao, bila kufunga hata waya mmoja.

"Mjomba, hufungi?"

"Nani atachungulia huko juu, mpwa wangu? Labda panya," akajibu, akamkonyeza.

Kidoti alicheka. Hakumwambia mtu.

Ijumaa ya wiki hiyo alipofika, alikuta watu wamejazana. Kibao kilikuwa kimevunjika juu ya meza, nyaya zinaning'inia, na karani wa pale amekandamiza kitambaa chenye damu kwenye paji la uso. Msimamizi alikuwa akimfokea mama.

"Wewe ndiye mkuu wa mafundi hapa. Kusanya vifaa vyako uondoke."

"Upande huu sikuufanya mimi," mama alisema.

"Kila fundi husema hivyo."

Mama akamtazama Chapuchapu. Chapuchapu akatazama viatu vyake.

Kidoti alihisi damu inamchemka. Mtu aliyekula sahani moja na mama yake kila mchana leo alikuwa kimya kama hamjui.

"Ni yeye," alisema. "Nilimwona. Alizitupa tu, akasema hakuna atakayechungulia."

"Mtoto, usiingilie mambo ya wakubwa," msimamizi alisema.

"Mambo ya wakubwa yamempasua dada huyu uso, na mama yangu anafukuzwa kwa kosa la mtu mwingine." "Mjomba, sema basi. Unaiga sauti za watu wote. Yako iko wapi?"

Chapuchapu akainua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Ni mimi. Nilitaka kumaliza upesi."

Msimamizi alipanda ngazi mwenyewe, akachungulia. Upande mmoja nyaya zilifungwa sawasawa. Upande wa pili zilirundikwa ovyo. Alishuka na vumbi kwenye masharubu, akamwomba mama radhi mbele ya wote. Chapuchapu aliambiwa ampeleke karani hospitali, kisha arudi atoe nyaya zote za upande wake na kuzifunga upya, mama akimsimamia.

Jioni, wakielekea nyumbani, Kidoti alisubiri asifiwe. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao, mama akamgeukia.

"Kumbe ulimwona tangu siku ile?"

"Ndiyo, mama. Lakini leo nimekutetea."

"Umenitetea, na nimefurahi. Ila hasira yako imeamka lini, mwanangu? Nilipoguswa mimi. Siku ile uliona mzigo unawekwa juu ya kichwa cha mtu, ukacheka."

Kidoti aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba Chapuchapu alimchekesha, lakini maneno yenyewe yalimtia aibu kabla hayajatoka.

"Yule karani naye ni mtoto wa mtu," mama aliendelea, sauti ikipoa. "Ukiona jambo baya linafanyika, sema siku hiyohiyo, hata kama anayelifanya ni rafiki yako. Usingoje mpaka limuumize wa kwenu."

"Naweza kwenda kumwomba radhi?"

"Kesho asubuhi tutakwenda kumjulia hali," mama alisema, akamshika mkono. "Lakini utakayezungumza ni wewe."