Wageni Waliomtafuta Mwatum

Kila asubuhi baada ya kunywa uji, Mwatum alikaa juu ya kigoda mlangoni, mkoba wake wa ukili, majani ya mkindu yaliyosukwa, begani. Mama yake, Bi Mwanaasha, alimaliza kufagia ua, akanawa mikono, kisha akachuchumaa mbele yake. Mwatum alimkumbatia shingoni, mama akamfunga mgongoni kwa kanga, na safari ya skuli ikaanza. Mwatum alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Mguu wake wa kulia ulipooza kwa homa alipokuwa na miaka mitatu. Nyumbani alitambaa, au alijivuta kwa kushika kuta. Lakini darasani hakuna aliyemshinda kwa hesabu. Mwalimu Soud alipoandika hesabu ubaoni, mkono wa Mwatum ulikuwa juu kabla ya chaki kuwekwa chini.

Kutoka kwao Mgogoni, kisiwani Pemba, hadi skuli ilibidi kushuka bonde la mpunga na kupanda kilima cha pili. Masika ya mwaka 1959 yalikuwa makubwa. Siku moja Bi Mwanaasha aliteleza kwenye mteremko, akaanguka na mtoto mgongoni. Mwatum alichubuka kiwiko tu. Mama yake aliumia goti, akalala kitandani wiki mbili. Alipoinuka, alikuwa anachechemea.

"Sasa basi," alisema baba yake, Mzee Khatib. "Mama yako hawezi tena, nami karafuu zinaningoja. Ulichosoma kinatosha. Kaa usuke ukili."

Mwatum alichukua ukili akasuka. Kila mchana rafiki yake Mize alipita kumwachia daftari ili anakili masomo ya siku ile. Ilisaidia kidogo. Lakini yale ambayo Mize hakuyaelewa yalifika yamekosewa, na Mwatum hakuwa na wa kumwuliza. Mtihani wa kuingia darasa la tano ulikuwa mwisho wa mwaka.

Mwalimu Soud hakumsahau. Chake Chake kulikuwa na watu walioanzisha jumuiya ya kuwasaidia mayatima na watoto wenye ulemavu wapate kusoma. Walichangia nguo na vitabu, na walimjua fundi wa Unguja aliyetengeneza vyuma vya miguu. Mwalimu aliwapelekea jina la Mwatum, kisha akamweleza Mzee Khatib msikitini kwamba watakuja kumwona. Mzee Khatib alisema, "Inshallah," lakini nyumbani hakusema kitu.

Jumamosi moja Bi Mwanaasha alikwenda kumzuru mgonjwa. Mzee Khatib alikuwa anaanika karafuu juu ya jamvi mbele ya nyumba. Alipoona watu wawili wageni wanapanda kutoka bondeni, aliingia ndani haraka.

"Nenda chumbani, mwanangu. Usitoke, wala usikohoe."

"Kwani kuna nini, baba?"

"Nenda tu."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ndiyo maana Mwatum aliogopa zaidi.

Wageni walikuwa Bi Mwanakhamis, mkunga wa Chake Chake, na Mzee Mabruki, mwenzake katika jumuiya. Walisalimia, wakaulizana hali, kisha Bi Mwanakhamis akasema, "Tumemjia binti yako, Mwatum."

"Hayupo," alijibu Mzee Khatib. "Yuko Makoongwe, kwa shangazi yake."

"Atarudi lini?"

"Atakaa huko huko."

Bi Mwanakhamis alimtazama Mzee Mabruki. "Basi. Meli ya Unguja ni Jumatano, na nafasi tulizopata kwa fundi wa vyuma vya miguu ni tatu. Moja tulimwekea yeye. Itabidi tumpe mtoto mwingine."

Chumbani Mwatum alisikia kila neno. Baba yake alikuwa amemfundisha asimpinge mkubwa mbele ya wageni. Baba huyo huyo alikuwa amemfundisha asiseme uongo. Mwatum hakujua afuate lipi. Akalikumbuka goti la mama yake, jinsi mama alivyolishika kila alipoinuka kutoka jikoni. Akaanza kutambaa.

"Shikamooni," alisema alipofika kizingitini. "Mwatum ndiye mimi. Nisamehe, baba."

Mzee Khatib aliinama, akazipanga karafuu kwa kiganja ingawa zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Watu wanasema," alianza polepole, "kwamba mnawachukua watoto wa namna hii mkawaweka katika nyumba moja huko Unguja, wasirudi tena. Sina mtoto mwingine. Nikaona heri akose kusoma, mradi namwona kila siku."

Bi Mwanakhamis alikaa ukingoni mwa jamvi. "Mtoto hapelekwi peke yake, Mzee Khatib. Utakwenda naye mwenyewe, utakaa naye, utarudi naye. Ungeniuliza ningekwambia."

"Niliona haya kuuliza."

"Basi uliza sasa. Uliza yote."

Mzee Khatib aliuliza mengi. Bi Mwanakhamis alimjibu moja baada ya jingine, na palipokuwa na jambo asilolijua alisema halijui. Jua lilikuwa kichwani wageni walipoaga.

Jumatano baba na binti walipanda meli bandarini Wesha. Unguja, fundi aliupima mguu wa Mwatum, akamtengenezea kiatu chenye vyuma viwili na mikanda ya ngozi mpaka juu ya goti. Akampa na magongo mawili. Baada ya wiki tatu wakarejea Pemba.

Mwatum alidhani atafika tu na kutembea. Haikuwa hivyo. Mikanda ilimchuna ngozi, makwapa yakavimba, na siku ya nne alianguka mara tatu uani mbele ya kuku. Alilitupa gongo moja.

"Nipeni ukili wangu," alisema huku analia. "Sivitaki hivi vyuma."

Baba yake hakumkemea. Aliliokota gongo, akafunga sufi na kitambaa penye kukwaruza, akafanya vivyo hivyo kwenye mikanda. Kuanzia siku ile, kila alfajiri baada ya sala walitembea pamoja, leo mpaka mnazi wa kwanza, kesho mpaka wa pili. Mchana Mzee Khatib alichukua jembe, akachonga ngazi kwenye mteremko na kuzikinga kwa vigogo ili mvua isizibomoe. Wanafunzi kadhaa walimsaidia kubeba vigogo.

Mwezi wa Septemba Mwatum aliingia darasani kwa miguu yake, amevaa sare mpya aliyopewa na jumuiya. Chuma kiligonga sakafu, mtoto mmoja akacheka. Mwalimu Soud aliandika hesabu ndefu ubaoni, akageuka.

"Mwatum, njoo utufanyie."

Miaka yote alijibu akiwa amekaa, na mwingine akamwandikia. Alisimama, akaliegemeza gongo moja ubaoni, akachukua chaki. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

Mwisho wa mwaka alifaulu mtihani. Hakuwa wa kwanza, alikuwa wa tatu, kwa kuwa masomo ya miezi aliyokosa yalimsumbua.

Skuli ilipofunguliwa Januari, Mwalimu Soud aliwaita wazazi wote. Bi Mwanakhamis alikuja pia, akauliza kama yuko mzazi mwingine mwenye mtoto anayehitaji msaada. Watu walitazamana.

Mzee Khatib alisimama. "Mimi nilimficha mtoto wangu," alisema. "Niliwadanganya watu hawa waliokuja kwangu kwa wema. Nilidhani namlinda, kumbe namnyima. Ukweli aliusema mwanangu, mimi mtu mzima nikaushindwa. Kuhitaji msaada si aibu, jamaa zangu. Lakini anayefichwa hasaidiki, na aliyesaidiwa naye hana budi ajitahidi. Mwatum alianguka, akainuka, akaanguka tena, mpaka akaweza."

Akakaa. Kisha huko nyuma, mwanamke mmoja, Bi Mwanawema, aliinuka akishika ncha ya kanga yake.

"Mimi ninaye mmoja nyumbani," alisema. "Ana miaka tisa, hasikii. Anaitwa Mjaka."

Mwalimu Soud akaliandika jina.