Farasi wa Arielle

Kila asubuhi Arielle alifagia ua wa shangazi yake, tantine Hortense, katika mtaa wa Nyakasanza, akaoga, akavaa sare, kisha akatia daftari zake zote mkobani, hata zile asizozihitaji siku hiyo. Tangu akimbie vita upande wa Iga Barrière, hakutaka kuacha kitu nyuma. Watu walisema sasa ni amani. Masikio yake hayakusadiki.

Woga huo ulimfuata hadi kwenye sataranji, mchezo wa ubao waliofundishwa shuleni. Farasi wake akifika katikati ya ubao, alimrudisha mbio karibu na mfalme, naye akashindwa kila mara. Mwalimu wao, Madame Émilienne, alimwonyesha mraba wenye nguvu: uko mbele, unalindwa na pioni wako, wale askari wadogo, na pioni wa adui hawawezi kuutisha. Farasi akikaa hapo, ni vigumu kumng'oa.

Alhamisi, Arielle na Yves walishindania nafasi ya mwisho katika timu ya shule. Arielle alijikaza, akamweka farasi kwenye mraba wa namna hiyo. Yves akacheza, zamu ikarudi kwa Arielle. Mara mlio mkubwa ukapasuka barabarani. Watoto wawili wakajitupa chini ya dawati. Mkono wa Arielle ukamwendea farasi amrudishe, ukasita kabla ya kumgusa, maana kwa sheria, kipande ukikigusa lazima ukisogeze.

Mtu akaita kutoka nje kwamba ni gurudumu la lori limepasuka. Lakini Arielle alikuwa amekwisha kumwona tena akilini bibi yake, siku ile ya vita, amebaki mlangoni, miguu imemshinda kukimbia.

Mkono ukiwa bado juu ya ubao, alijiuliza nani anamlinda farasi. Pioni wake. Nani atamfukuza? Pioni wa Yves walikuwa wamekwisha kupita pande zote mbili, na pioni harudi nyuma. Akaondoa mkono, akacheza malkia. Yves alihangaika weee, mwishowe mfalme wake akakosa pa kwenda.

Arielle alishinda, kisha akalia, akimtaja bibi yake aliyemwacha mlangoni. Madame Émilienne aliandika jina lake kwenye orodha ya timu, akaketi karibu naye.

“Ile siku ulikimbia, ukapona. Haikukuwa kosa,” alisema. “Lakini hapana kimbia kila sauti, mutoto yangu. Angalia kwanza: nani ananilinda? Nani anaweza kunifukuza hapa?”

“Na kama hakuna mwenye ananilinda, Madame?”

“Pale kimbia, na usione haya. Lakini leo, siye tuko.”