Daftari la Ozell

Nyundo ilikuwa imeshuka mara tatu kichwani mwa Luther Gadsden na mara tano kwenye mkono wake wa kulia. Kidole kimoja kimoja, kuanzia gumba.

Inspekta Altagracia Montañez alichuchumaa kando ya maiti akahesabu tena. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa Julai mwaka 1984, na joto la Bronx lilikuwa limekwisha kuanza kuipika ghorofa ile ya juu ya kiwanda cha zamani cha piano. Nzi walikuwa wamewatangulia polisi. Damu ilikuwa imetambaa hadi chini ya turubai kubwa la mchoro lililoegemezwa ukutani, ikachanganyika na rangi nyekundu iliyomwagika, hata usijue ipi ni ipi.

"Vidole vilivunjwa akiwa hai," alisema daktari wa polisi. "Tazama vilivyovimba. Maiti haivimbi hivi."

Gadsden alikuwa na miaka ishirini na minne. Mtaani walimwita Vex. Alianza kwa kupuliza jina hilo kwa kopo la rangi ubavuni mwa mabehewa ya treni huku akikimbizwa na polisi. Sasa watu wa Manhattan walikuwa wakimngoja jioni ya Ijumaa hiyo hiyo, glasi za mvinyo mkononi, wafungue maonyesho yake ya kwanza.

Sajini Mulvihill, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, alidhani ni wizi. Montañez akamwonyesha saa mkononi mwa marehemu na redio kubwa dirishani. Kisha akamwita mezani. Karatasi nyembamba ya kunakilia ilikuwa bado imebandikwa kwa utepe, penseli imefuatisha nusu ya herufi zenye miguu mirefu kama mishale. Chini ya karatasi hapakuwa na kitu. Palikuwa na alama tu ya mstatili kwenye vumbi, ukubwa wa daftari.

"Kilichoibiwa ni kile alichokuwa akikinakili," alisema.

Chini ya kucha za marehemu daktari alitoa nyuzi za buluu, akazitia kwenye bahasha ya maabara.

Kufika adhuhuri walikuwa na mshukiwa. Basilio Arroyo, mchoraji mwenzake Vex tangu utotoni, alikuwa amempiga ngumi za uso Jumanne, siku mbili kabla ya mauaji, katika uwanja wa mpira wa kikapu. Walimleta kituoni akiwa na rangi ya kijani hadi viwikoni.

"Ulimpiga," alisema Montañez.

"Nilimpiga, afande. Mbele ya watu arobaini na ngoma ikilia. Mwenye nia ya kuua hujitangaza hivyo?"

"Kwa kosa gani?"

Basilio akatoa mfukoni kadi ya mwaliko wa maonyesho, imekunjwa mara nne. "Tazama herufi hizi. Si zake. Ni za Ozell."

Akaeleza. Zamani walikuwa watatu: yeye, Vex na Ozell Pinkney. Ozell ndiye aliyekuwa na mkono. Herufi zake zilitembea, zilipigana, zilicheza. Wengine wote walikuwa wanafunzi wake. Mwaka 1978, akiwa na miaka kumi na saba, alishuka peke yake kwenye handaki yanakolala mabehewa, akateleza, akaangukia reli ya umeme. Daftari lake la michoro halikuonekana tena. Watu walisema liliungua naye. Vex aliapa kwamba siku hiyo alikuwa kwao, kalala na homa.

"Halafu leo anazitoa zile zile, mpaka zile ambazo Ozell hakuwahi kuzipuliza popote," alisema Basilio. "Nikamuuliza umezitoa wapi. Akanicheka. Ndipo nikampiga."

Alhamisi yote alikuwa juu ya ngazi akichora lango la duka la mikate, na mwenye duka alithibitisha. Wakamwachia.

Kesho yake maabara wakapiga simu. Nyuzi zilikuwa za jinzi, na zilikuwa na rangi. Si ya kopo la kupuliza. Ni rangi ya nguo, ile inayokazwa kwa pasi ya moto isibanduke. Montañez akamfuata Basilio kwenye ngazi yake akamuuliza ni nani huwachorea wacheza dansi majaketi yao ya jinzi.

Basilio alichovya brashi kwanza.

"Wote huenda kwa Vernita," alisema hatimaye. "Vernita Pinkney. Dada yake Ozell."

Kabla ya kwenda huko, Montañez alilitafuta jalada la mwaka 1978. Lilikuwa jembamba. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilisema kijana hakufa papo hapo. Alilala pale kama saa mbili, akiwa hai, na huenda angepona lau mtu angeita msaada. Chini palikuwa na saini ya ndugu aliyesomewa ripoti: Vernita Pinkney, miaka kumi na tisa.

Duka lilikuwa Barabara ya Willis, chumba kimoja kilichojaa majaketi yaliyoning'inia kama watu waliogeuza migongo. Mwanamke mwembamba alikuwa akipiga pasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo mirefu minne.

"La kwako liko wapi, dada?" aliuliza Montañez. "Jaketi lako mwenyewe."

Vernita aliisimamisha pasi. "Kwenye ndoo, nyuma. Damu haitoki kwenye jinzi."

Mulvihill aliinamia ndoo. Chini ya jaketi ilikuwamo nyundo. Daftari lilikuwa rafuni, limefungwa kitambaa safi, kona zake nyeusi kwa moto.

Kituoni walimsomea haki zake. Alizikubali, akaomba maji, akasema bila kulia.

"Sikwenda kuua. Nyundo ilikuwa yake. Niliiona kadi nikaenda kumuuliza daftari kalipata wapi. Akasema alipewa. Nikalifungua, kona zimeungua. Nikamwambia, nani alikupa, Luther? Reli?"

"Akasemaje?"

"Akakaa chini. Akasema walikuwa wawili. Ozell alipoanguka, aliogopa kukamatwa. Lakini daftari lilikuwa kifuani mwa Ozell, ndani ya koti. Basi akamfungua vifungo akalitoa, halafu akapanda juu, akaenda zake. Anasema alifika kwenye ngazi na bado alikuwa anamsikia akimwita."

Mulvihill alikuwa ameacha kuandika.

"Saa mbili," alisema Vernita. "Miaka sita nilidhani hapakuwa na mtu wa kumsikia. Nikampiga. Akanishika mkono, nikampiga tena, akaanguka. Nikauona ule mkono wa kulia. Mkono uliofungua vifungo vya mdogo wangu."

"Na pigo la mwisho?"

"Lilikuja baada ya vidole. Nilitaka avisikie."

Montañez aliyaandika maungamo yote, pamoja na habari ya handaki, kwa mkono wake, kurasa sita, akamsukumia pamoja na kalamu. Vernita alisoma polepole. Ukurasa wa nne, ule wa Ozell akiita handakini, akaurudisha.

"Huu utoe."

"Huo ndio sababu. Bila huo wewe ni muuaji tu aliyevunja mtu vidole. Jaji akiusoma huo, huenda akakuonea huruma."

"Mama yangu atakuja mahakamani, afande. Atakaa benchi la mbele. Mimi nilimwambia kwamba Ozell alikufa papo hapo, hakusikia maumivu. Miaka sita analala kwa neno hilo." Aliinamisha macho. "Andika nilimwonea wivu. Msanii kamwonea wivu msanii. Watu wataelewa."

Montañez alisema kwa upole kwamba hawezi kuandika jambo ambalo hakuambiwa, wala kufuta aliloambiwa.

Vernita akachukua kalamu. Akatia saini ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaugeuza wa nne kifudifudi mezani, akaulaza kiganja juu yake, akaendelea na wa tano.