Daraja Lisilokuwa Kwenye Orodha

Kila asubuhi, kabla mama hajaanza kukanyaga cherehani yake, Kengele alikuwa ameshafunga kamba za viatu vyake na vya mdogo wake, ameshatafuta daftari la mdogo wake lililopotea, na ameshakasirika. Mdogo wake alikuwa darasa la kwanza, na alikuwa na tabia ya kukumbuka mambo akiwa mlangoni: leo penseli, kesho soksi, keshokutwa haja ndogo. Mama, ambaye alikuwa fundi nguo wa mtaa mzima, alikuwa amebana pini midomoni na hakuweza kusaidia kwa lolote isipokuwa kuonyesha kwa kidole saa ya ukutani.

Kengele halikuwa jina lake la kwenye cheti. Wenzake walimpa tangu darasa la pili kwa sababu ya sauti yake, ambayo ilitoka uwanjani ikafika ofisini kwa mwalimu mkuu bila kuchoka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na wiki tatu zilizopita wanafunzi walimchagua kuwa mwenyekiti wa baraza lao. Alifurahi sana. Furaha hiyo ilidumu mpaka kikao cha kwanza.

Wajumbe wa baraza walikuwa kumi na sita. Walikuja sita, na mmoja wao alikuja kwa sababu aliambiwa kuna soda. Muda wote uliishia kwenye rangi ya jezi za timu ya shule. Makamu wake alikuwa mvulana mpole aliyeitwa Baadaye, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi. Kengele alipomwomba aandike mambo yaliyozungumzwa, alijibu kwamba ataandika baadaye, na kweli hakuandika.

Jambo ambalo Kengele alitaka wazungumzie lilikuwa daraja. Kati ya mtaa wao na shule palikuwa na korongo refu, na juu yake palikuwa na daraja la miguu. Lilikuwa na hatua ishirini na mbili. Alijua kwa sababu alizihesabu kila siku akiwa amemshika mdogo wake mkono. Vyuma vya chini vilikuwa bado imara, lakini mbao za juu zilikuwa zimeoza, na mahali pengine hazikuwepo kabisa. Wakubwa waliruka, wadogo walibebwa. Aliyeogopa alizunguka kwa barabara kuu, mwendo wa nusu saa, malori yakimpita karibu na bega.

Jumatatu moja msichana wa darasa la kwanza aliteleza mbele ya Kengele. Mguu wake ukapenya katikati ya mbao mbili, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Kengele alimshika mabegani asiende chini zaidi mpaka watu wazima wawili walipofika na kung'oa ubao. Mmoja wao, akijipangusa mikono, alisema daraja hili siku moja litaua mtu. Alisema hivyo kama mtu anayesema leo kuna joto. Kisha wote wawili wakaenda zao.

Maneno yale hayakumtoka Kengele akilini siku nzima. Jioni aliitisha kikao, na safari hii alisimama mlangoni mwa kila darasa mpaka mjumbe wake akatoka. Wakakubaliana waende ofisi ya kata. Mwalimu wa historia, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi wa baraza, alikubali kuwasindikiza kwa sharti moja: wao ndio wangezungumza, yeye angekaa kwenye benchi.

Ofisini walimkuta karani, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza kwa adabu. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akateremsha kidole ukurasa mmoja, ukurasa wa pili, akakifunga.

"Daraja hilo halipo," alisema.

Kengele alidhani hakusikia vizuri. Akamweleza tena lilipo: nyuma ya mashine ya kusaga, kabla ya uzio wa shule.

"Binti, najua lilipo. Hata mimi nimewahi kupita. Ila kwenye orodha ya madaraja ya kata halipo. Na ofisi haiwezi kutengeneza kitu ambacho haina."

"Sasa sisi tunapita juu ya nini?"

"Mnapita juu ya mbao za watu," karani alijibu, wala hakuwa anatania. Alieleza kwamba kama kuna karatasi inayoonyesha daraja lilikabidhiwa kwa ofisi, walete, naye ataipeleka kwa mhandisi siku hiyohiyo. Kama hakuna, basi.

Walirudi mara mbili zaidi, na barua ya baraza ya kuomba daraja litengenezwe. Mara ya kwanza waliambiwa barua yao haina mhuri wa shule. Mara ya pili mhuri ulikuwepo, lakini anayepokea barua alikuwa hayupo, na karani alikuwa anapokea wageni, si barua.

Siku hiyo Kengele alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa historia akamwambia anaacha uenyekiti. Wajumbe hawaji, alisema, makamu haandiki, watu wazima wanaona na kupita, na ofisi inasema daraja halipo. Yeye ana mdogo wake wa kuvusha na mitihani ya kusomea.

Mwalimu hakumbembeleza. Alikuwa anasahihisha madaftari, na aliendelea kusahihisha.

"Nani alilijenga?" aliuliza.

Kengele alijibu kwamba lilikuwepo siku zote.

"Daraja si uyoga. Kuna mtu alibeba vile vyuma. Ninawafundisha habari za falme na vita vya mbali, na hakuna hata mmoja wenu anayejua nani alijenga kitu anachokikanyaga kila asubuhi. Hilo ni kosa langu pia. Tafuteni kwanza. Ukishajua, kama bado unataka kuacha, nitapokea barua yako."

Basi kila mjumbe akapewa kazi ya kumwuliza mtu mzima mmoja. Majibu yalikuja ya kila namna. Wa kwanza aliambiwa lilijengwa na wanajeshi. Wa pili aliambiwa ni tajiri mmoja aliyetaka kura. Wa tatu aliambiwa aache maswali, akateke maji. Baadaye alikuwa hajamwuliza mtu. Kengele aliyasoma yote, akalaza kichwa juu ya dawati.

Alibaki na mtu mmoja ambaye alikuwa amemkwepa kwa makusudi. Dada mkubwa wa baba yake alikuwa mpiga chapa katika ofisi ile ile ya kata mpaka alipostaafu. Shida ya shangazi ilikuwa moja: hakuweza kukueleza jambo bila kuanza na viatu alivyovaa siku hiyo. Kengele alipofika, shangazi alianza na viatu kweli, akapitia bosi wake wa kwanza, akaingia kwenye ugomvi kuhusu dirisha lililokuwa halifungi. Kengele alikuwa na kalamu mkononi na ukurasa mweupe mbele yake. Alijibana asiseme kitu. Baada ya karibu saa nzima, shangazi alisema, kama jambo dogo, kwamba dirisha hilo ndilo walilochungulia wale vijana siku walipoleta daraja lao.

"Vijana gani, shangazi?"

Ndipo akasimulia. Miaka arobaini na mmoja iliyopita hapakuwa na daraja. Mvua ikinyesha, watoto wa upande huu hawakwenda shule, wakati mwingine mwezi mzima. Wazazi walilalamika, ofisi ikawaambia wasubiri. Vijana ishirini na watatu wakachoka kusubiri. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na tisa. Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aliyeuza mkaa, mwenye ulimi mkali, ambaye baadaye aliolewa mji mwingine. Waliomba vyuma vya reli iliyoachwa, wakavibeba mabegani, chuma kimoja watu wanane. Ofisi ilikasirika kwamba hawakuomba ruhusa. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupita, kwa hiyo ofisi ikakubali kulipokea.

"Nilipiga chapa muhtasari wa kikao mimi mwenyewe," shangazi alisema. "Nakala mbili. Vijana wote waliweka sahihi, na wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Wino wangu uliisha."

"Na karatasi ikawekwa wapi?"

Shangazi alimtazama kana kwamba ameuliza jua huchomoza wapi. Jalada la madaraja lilikuwa la barabara kuu tu, alieleza. Hilo la miguu aliliweka kwenye jalada la mitaro na maji machafu. Lilikuwa juu ya korongo, na korongo ni mtaro. Angeliweka wapi tena?

Kengele hakujua acheke au alie. Aliuliza kwa nini hakumwambia mtu muda wote huu.

"Hakuna aliyeniuliza," shangazi alijibu.

Kesho yake Kengele na Baadaye walikuwa ofisini mapema, na mwalimu kwenye benchi lake. Kengele aliomba, kwa sauti ya chini iliyomtoa jasho, jalada la mitaro na maji machafu la miaka arobaini na mmoja iliyopita. Karani alisema lipo stoo, stoo ina vumbi, na yeye ana kazi, warudi wiki ijayo. Kengele alifungua mdomo, na Mungu anajua kingetoka nini. Lakini Baadaye alimtangulia. Alisema kwa upole kwamba hawana haraka, wangesubiri hapo. Akakaa sakafuni mbele ya meza ya karani, akatoa daftari la hesabu, akaanza kazi zake. Ikawa kila anayeingia inabidi aruke miguu yake na kuuliza huyu mtoto anangoja nini, na karani inabidi aeleze. Alipoeleza mara ya nne alichukua ufunguo.

Jalada lilikuwa la tatu kutoka chini. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini herufi zilisomeka. Karani aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Palikuwa na majina ishirini na matatu, sahihi kumi na nne na alama tisa za vidole. Chini yake palikuwa na sentensi ambayo hata shangazi alikuwa ameisahau: ofisi inaahidi kulikagua daraja hili kila mwaka kabla ya mvua.

"Kila mwaka," Kengele alisema.

Karani alivua miwani. Alisema aliingia kazini miaka kumi na minane iliyopita, na aliyemkabidhi alimpa kitabu cha orodha na funguo, basi. Hakuna aliyemwambia. Kengele alimwamini, na hilo lilimuudhi zaidi, maana alitaka sana apatikane mtu mmoja mbaya wa kumkasirikia. Karani alifungua kile kitabu kikubwa na kuandika daraja lao kwa mkono, mstari wa mwisho wa ukurasa.

Mambo hayakwisha siku hiyo. Mhandisi alikuja baada ya wiki mbili, akapima, akaenda, na mbao hazikuja. Ikabidi Kengele ausome ule muhtasari mbele ya mkutano wa mtaa, jina baada ya jina, na safari hii hakuna aliyemwambia apunguze sauti. Baadhi ya wazee walisikia majina yao wenyewe. Mama aliweka mezani pini na futi yake, akaja kusimama mstari wa mbele. Wiki ya tano mbao ziling'olewa, zikawekwa mpya nene, na vyuma vya kushikia vikafungwa pande zote mbili. Mvua ilianza siku nne baadaye. Yule msichana wa darasa la kwanza, aliyekuwa ametolewa plasta, alivuka mwenyewe, polepole, akiwa ameshika chuma.

Kikao kilichofuata walikuja wajumbe kumi na mmoja. Kengele alikasirika kwamba hawakutimia kumi na sita, na akasema hivyo. Mwalimu alikuwa amemwalika shangazi, ambaye aliketi mbele akiwa amevaa viatu vyake vya kazini vilivyopigwa rangi. Wajumbe wakamwomba awaambie neno.

"Sisi tulifanya vizuri, na tulikosea," shangazi alisema. "Wale vijana walijenga, mimi nikapiga chapa, halafu kila mtu akaenda nyumbani kwake. Hatukuwasimulia watoto wetu. Kwa hiyo ofisi iliposahau ahadi yake, hapakuwa na wa kuikumbusha. Ninyi msingoje mpaka muwe wakubwa ndipo muulize mambo ya mtaa wenu. Wale hawakuwa wakubwa. Na msione aibu kuchoshwa na mambo yanayokera. Hata yule muuza mkaa alikuwa amechoshwa. Ila hakuishia kulalamika: aliomba vyuma, alikusanya watu, aliweka sahihi. Fanyeni hivyo, kisha muandike, na muwasimulie wanaowafuata."

Baraza likaamua kwamba kila mwaka kabla ya mvua, wajumbe watawapeleka watoto wa darasa la kwanza darajani, wawataje waliolijenga, na kuzikagua mbao moja moja. Kengele aliandika uamuzi huo kwenye daftari jipya la baraza, akapiga mstari, akamsogezea shangazi aone.

Shangazi alivaa miwani, akasoma kutoka juu hadi chini, akamrudishia.

"Hujaweka tarehe," alisema.