Fomu za Likizo za Zamani

Mwizi hakuvunja kioo wala kuacha alama ya kidole. Mlinzi mzee, shahidi pekee wa mauaji ya ghalani, alikuwa akirekodiwa maelezo yake kituoni. Alipofika kwenye jina la muuaji, kompyuta ya masjala ikagoma. Diski ilikuwa imejaa; mtu alikuwa ameiba nafasi yote.

Hakimu alitaka sauti ya mzee mwenyewe. Saa tisa mzee angepelekwa hospitali kupasuliwa moyo, na madaktari hawakuahidi kitu. Inspekta alikuwa na saa mbili za kujua nani ameimaliza ile nafasi.

Mchana ule ulikuwa wa kusinziisha. Feni ilizunguka kivivu, vumbi likaelea kwenye mwanga wa dirisha bila haraka ya kutua. Inspekta alijihisi anaota huku macho yamemtoka pima.

Fundi wa kompyuta alishauri wafute kila kitu. Inspekta akakataa katakata. Humo mlikuwa na kesi za watu. Basi fundi akayapanga mafolda kwa ukubwa. La kwanza liliitwa "Fomu za likizo za zamani".

"Likizo gani hizi nzito hivi?" Inspekta aliuliza.

"Labda watu walipumzika sana," fundi akatania.

Ndani mlikuwa na video mia mbili na kumi na mbili, zote za ukubwa mmoja. Kila moja iliingia siku yake, saa saba na nusu, wakati kituo kizima kimeenda kula. Pengo lilikuwa moja, la siku sita. Inspekta akafungua daftari la mahudhurio. Siku hizo sita karani wa masjala alikuwa mgonjwa.

Karani huyo walimwita Mama Mhuri, kwani aligonga mhuri hata kwenye bahasha tupu. Alikuja, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Video hizi ni za nini?"

"Zamu ya mwisho ya mume wangu, afande."

Inspekta alimkumbuka. Mumewe alikuwa mtu wa chumba cha redio. Mwaka uliopita alianguka njiani akirudi nyumbani, asiamke tena. Picha za kamera ya chumba kile hufutwa baada ya siku tisini. Mama Mhuri aliiwahi hiyo moja kabla haijafutwa.

"Moja ingetosha. Mbona mia mbili?"

"Kielelezo cha asili hakiguswi, afande. Unatoa nakala, unafanyia kazi nakala. Ninyi ndio mlionifundisha."

"Kila siku nakala mpya?"

"Kila siku namtazama nusu saa."

"Na ya jana?"

"Ya jana nimeshaililia. Nitaifutaje?"

"Na ile ya asili?"

"Sijawahi kuifungua."

Inspekta alimwonea huruma, wala hakuificha. Akamweleza habari za mlinzi na upasuaji. Mama Mhuri alisikiliza, kisha akavuta kiti, akazifuta nakala mia mbili na kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe.

Saa nane na nusu mlinzi alilitaja jina la muuaji, likaingia lote, pamoja na kikohozi chake. Gari likamchukua.

Mama Mhuri akainuka kurudi kwenye meza yake. Inspekta akamzuia.

"Hakuna kesi hapa, mama. Mumeo si kielelezo. Fungua."

Alifungua. Kwenye kioo mwanamume alipuliza chai yake, akaegemea kipaza sauti, akasema, "Nakusikia. Endelea."