Mboni Iliyosafisha Nyuso

Tegemeo-tembezi lilipanda ngazi za kiwanda peke yake. Lilikuwa na miguu mitatu yenye magoti ya chuma, na kila lilipokanyaga kidato lilitulia, likapima usawa, likaendelea. Juu yake ilikaa Mboni, kamera ya kwanza kubuniwa na kuundwa Mtwara kuanzia kioo mpaka skrubu. Wabanguaji korosho waliacha mitambo yao wakapiga vigelegele.

Asumpta Nandonde alilifuata akiwa na daftari. Alikuwa mpimaji wa kamera kwa miaka ishirini, na hakuamini vipimo vya mezani. Kamera, alisema siku zote, hupimwa kwa mkono wenye jasho, mahali penye mvuke na watu wasiotulia. Ndiyo maana aliileta Mboni kwenye kiwanda hiki cha Newala. Bila sahihi yake kabla ya saa kumi jioni, uzinduzi wa kesho usingefanyika.

Kufikia saa saba alikuwa ameandika: "Mshiko hautelezi hata kwa mafuta ya korosho. Betri haijashuka robo tangu jana. Kitufe ni kigumu kidogo kwa mwenye glavu. Lenzi hujifuta mvuke yenyewe, tena haraka kuliko zote nilizowahi kushika. Rangi ya ngozi: sijawahi kuona kamera inayotuona hivi."

"Tia sahihi basi, dada Asumpta, tukale," alisema Faraji Likwata, mhandisi aliyeiunda. "Unaipapasa kama unanunua kuku."

"Kuku wako mzima. Bado picha moja."

Alimwita Teofrida, msimamizi wa mtambo wa mvuke. Teofrida alikuwa wa kizazi kilichorudisha chale baada ya miaka mingi ya watu kuzionea haya; mashavuni mwake mistari ilishuka kama mawimbi, imekatwa kwa ustadi. Mboni ikafumba na kufumbua. Picha ikatokea kwenye skrini yake.

"Ee! Huyu nani?" Teofrida aliuliza. "Mbona anaonekana hajawahi kufanya kazi?"

Wenzake wakacheka. Yeye alicheka nao, kisha akajishika shavu.

"Chale zangu ziko wapi?"

Asumpta alipiga tena. Alibadilisha umbali, akahamisha taa, akamgeuza Teofrida upande wa dirisha. Mara zote uso ulitoka laini kama yai.

Faraji alikuna kichwa. Ndani ya Mboni, alieleza, mwanga hauandikwi moja kwa moja. Akili mnemba iliyochapwa kwenye kioo chenyewe cha lenzi huulinganisha na nyuso ilizofundishwa, ikafuta inachokiona ni uchafu. Haizimwi. Hufundishwa upya tu, kwa miezi sita.

"Mliifundisha kwa picha za nani?"

"Za kwetu! Tulikataa za ng'ambo. Tulikusanya picha laki mbili kutoka studio za kusini." Alifungua orodha kwa majivuno. "Nyingi zilitoka studio moja ya Masasi. Kazi safi kabisa."

Asumpta aliisoma orodha mpaka kwenye jina la studio hiyo. Hapo alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja kabla ya kuwa mpimaji. Vijana walikuja kupiga picha za kuombea kazi mijini, wakamnong'oneza, "Nisafishe, dada, wasinicheke." Naye aliwasafisha kwa kalamu ya kugusia skrini, chale moja moja, kwa huruma na kwa ufundi ambao hakuna aliyeutambua. Hata mashine haikuutambua. Iliamini watu wa kusini walizaliwa hivyo.

"Ni mkono wangu huu," alisema. "Nilizifuta mimi."

Faraji alimvuta kando. "Basi nyamaza. Nani atajua? Wenye chale ni wachache. Tutarekebisha toleo la pili."

"Wachache hao ndio sisi, mhandisi," alisema Teofrida, ambaye hakuwa mbali. "Nimevumilia wembe, damu na maji ya chumvi ili uso wangu useme natoka wapi. Leo mnaunda jicho letu wenyewe, halafu jicho linanifuta?"

Asumpta alichukua cheti. Jina lake lilikuwa sokoni miaka ishirini bila doa. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa: "HAIJAFAULU. Ilifundishwa kwa picha ambazo chale zake nilizifuta mimi, Asumpta Nandonde. Ifundishwe upya." Akatia sahihi, akamkabidhi Faraji.

"Umejimaliza, dada," Faraji alisema.

"Kamera inayotoka kwetu itatuona sisi. La sivyo nimepima nini?"

Alitoa mkobani kamera yake kuukuu aliyoitumia kulinganishia, isiyo na akili yoyote, inayoandika mwanga kama ulivyofika. Teofrida alifuta jasho, akaligeuzia dirisha shavu lake. Nyuma yake alijipanga mwingine, kisha mwingine, wakivua vitambaa vya kichwa na kutaniana nani atavunja lenzi. Msururu ulifika mpaka kwenye sakafu ya kuanikia korosho.

"Mwanga hautoshi upande wa kushoto," Asumpta alisema bila kugeuka.

Faraji alikikunja cheti, akakitia mfukoni, akaokota ubao mweupe wa kurudishia mwanga, akaenda kuushika.